Popo adimu wa Nyungwe: kupatikana kwake hakutoshi kumlinda

Mwezi Januari 2019, watafiti waliokuwa wakifanya kazi usiku katika msitu wa Nyungwe, kusini-magharibi mwa Rwanda, walimnasa popo ambaye hakuwa ameonekana kwa takribani miaka arobaini. Ni popo wa Hill, mwenye pua ya umbo la kiatu cha farasi, ambaye yumo katika orodha ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Walimpima, wakarekodi sauti yake, kisha wakamwachia. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2022, baada ya vipimo vyake kulinganishwa na vielelezo vya makumbusho.

Picha za popo huyo zilisambaa duniani, lakini kilichokuwa na thamani zaidi ni ile sauti. Popo wa jamii hii hula wadudu. Huwinda gizani kwa kutoa kupitia puani mlio usiosikika kwa sikio la binadamu, kisha kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye mabawa ya nondo. Basi mlio ukishajulikana, kifaa kilichotundikwa mtini huweza kueleza mahali anapojitafutia chakula, bila kumgusa.

Ndivyo walivyofanya walinzi wa hifadhi. Kwa miezi tisa walitega vinasa-sauti katika maeneo 23, wakakusanya rekodi zinazokaribia robo milioni. Popo wa Hill alisikika katika maeneo manane tu, yote yakiwa ndani ya eneo dogo.

Hilo ndilo la kutia wasiwasi. Nyungwe ina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 1,000, na mnyama aliyejibana katika kona moja ya msitu huo anaweza kumalizwa na moto mmoja, au na wachimba madini wakivamia mashimo anamolala mchana.

Kwa Burundi, jambo hili si la ugenini. Nyungwe na Kibira ni msitu mmoja uliopitiwa na mpaka. Hadhi ya Urithi wa Dunia iliyotolewa na UNESCO mwaka 2023 iliishia upande wa Rwanda, na Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na jirani huyo. Popo na nondo wake hawahusiki na uamuzi huo; watafiti wanahusika. Zaidi ya hayo, mlio wa popo hufifia upesi hewani, hivyo kinasa-sauti cha Nyungwe hakiwezi kuisikilizia Kibira. Kibira itahitaji vifaa vyake, walinzi wa kuvitega, na mtu wa kulinganisha kitakachosikika na mlio uliorekodiwa mwaka 2019.