Mama hapendi mpira, lakini filamu ya mchezo anaimaliza

Msomaji mpendwa, tuseme ukweli. Katika nyumba nyingi za Butembo, na vilevile kule Beni, jamaa imegawanyika sehemu mbili juu ya mambo ya michezo. Sehemu ya kwanza ni wale ambao saa ya mechi hawasikii hata mtu akipiga hodi. Sehemu ya pili ni mama aliyerudi sokoni na miguu inamuuma, muzee anayetaka kusikiliza habari kwenye redio, na dada anayeuliza kila mara swali lile lile: "Bantu makumi mbili na mbili banakimbilia mupira moja, iko nini ndani?" Muzee anamaliza maneno kwa kusema: "Mupira haitaleta bugali."

Sasa angalia jambo hili. Weka mbele ya mama huyo huyo filamu iliyotengenezwa juu ya mchezo. Mwanzo atasema ana kazi. Nusu saa ikipita, sombe inaungua jikoni na yeye hajasimama. Mwisho anapangusa macho kwa ncha ya kikwembe chake. Kesho yake mwite aangalie mechi ya kweli, atakataa kama zamani. Kwa nini? Fikiri pamoja nami, maana jibu la swali hili linaweza kusaidia nyumba yako kuliko unavyodhani.

Tuanzie hapa kwetu. Tarehe 30 Oktoba 1974, kule Kinshasa, katika uwanja wa Mei 20, ambao leo unaitwa Tata Raphaël, Muhammad Ali alipigana ngumi na George Foreman. Ali alikuwa na miaka 32, Foreman 25. Watu wengi wenye kujua ngumi walimhurumia Ali, kwa sababu Foreman aliwaangusha Joe Frazier na Ken Norton, kila mmoja katika raundi mbili tu, na hao wawili walikuwa wamekwisha kumshinda Ali mbele. Pambano lilipangwa kufanyika mwezi wa Septemba, lakini Foreman aliumia juu ya jicho katika mazoezi, wakangoja majuma mengi. Mwisho walipigana usiku wa manane, karibu saa kumi ya alfajiri, kusudi watu wa Marekani waone kwa saa yao. Ali aliegemea kamba, akajifunika, akakubali kupigwa mpaka mwenzake akachoka. Katika raundi ya 8 akamwangusha.

Mtu mmoja aitwaye Leon Gast alikuwa pale na kamera zake. Kwa matatizo ya pesa na ya haki za kisheria, filamu yake haikutoka upesi. Ilitoka mwaka 1996, yaani miaka 22 nyuma ya pambano. Jina lake ni When We Were Kings, maana yake "Tulipokuwa wafalme". Mwaka 1997 ilipata zawadi ya Oscar ya filamu za habari za kweli. Na ukiitazama utaona kwamba ngumi zenyewe ni sehemu ndogo. Kubwa zaidi ni kungoja. Unamwona Ali akitembea na watoto wa Kinshasa, watu wakimwimbia. Unaona Foreman ameshuka na mbwa wake mkubwa, na wazee wanakumbuka mbwa wa polisi wa Wabelgiji, na mara moja mji mzima umechagua upande. Kijana huyu hakujua hata amekosea nini! Hapo mama ambaye hajui raundi ni nini amekwisha kushikwa. Anajua vizuri ni nini kufika ugenini na kuchukiwa kwa jambo usilolijua.

Hiyo ni sababu ya kwanza: uwanjani tunaona matokeo, lakini filamu inatuonyesha bei yake. Chukua mfano mwingine wa mwaka ule ule. Timu yetu ya Léopards ilikwenda Ujerumani ya Magharibi kwenye Kombe la Dunia, timu ya kwanza kutoka Afrika kusini ya Sahara. Walifungwa 2 na Scotland, wakafungwa 9 na Yugoslavia. Katika mechi ya tatu, Wabrazili walipewa mpira wa adhabu, na kabla hawajapiga, Mwepu Ilunga alitoka mbio katika ukuta akaupiga mpira mbali. Dunia nzima ilicheka. Wengine walisema Waafrika hawajui sheria za mpira. Miaka ikapita, na Mwepu mwenyewe akaeleza waandishi wa habari kwamba pesa walizoahidiwa wachezaji hazikuwafikia, na kwamba walitishwa: wakifungwa zaidi ya mabao 3 na Brazil, wasifikiri kurudi nyumbani salama. Walifungwa 3.

Sasa soma tena kile kitendo. Mpira ni ule ule, mguu ni ule ule, lakini kicheko kimekauka mdomoni. Umejua mtu alikuwa amebeba nini mgongoni. Filamu nzuri ya mchezo inafanya kazi hiyo: inatupa habari ya mzigo kabla ya kutuonyesha mbio.

Sababu ya pili ni kwamba filamu haikuulizi kama unajua sheria. Jirani zetu wa Uganda wanatupa ushuhuda mzuri. Wengi wenu mnapita Kasindi kwenda Kampala kwa biashara, na pengine mmepita karibu na kartie maskini ya Katwe. Kule alizaliwa binti aitwaye Phiona Mutesi. Baba alikufa akiwa mtoto mdogo, masomo yakakatika kwa kukosa pesa, akauza mahindi barabarani. Siku moja alifuata kaka yake mpaka mahali ambapo Robert Katende, kijana aliyefanya kazi na shirika moja la Kikristo la michezo, alifundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Phiona alivutwa na uji. Alibaki kwa sababu ya mchezo. Mwaka 2010 alikuwa katika timu ya wanawake wa Uganda kwenye mashindano ya dunia kule Urusi. Mwaka 2016 ikatoka filamu Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair, ambamo Lupita Nyong'o wa Kenya ni mama na Madina Nalwanga, mtoto wa Kampala, ni Phiona.

Niambie, nani katika soko letu anajua sataranji? Ni ubao wa vyumba 64, kila upande una kete 16, wachezaji wamekaa kimya, hakuna jasho, hakuna vumbi. Kama mpira unamchosha mama, sataranji ingemlaza usingizi kabisa. Hata hivyo watu waliotazama filamu ile walishika roho mkononi kila mara binti aliponyanyua kete moja. Sheria moja tu iliwatosha: kete ndogo kuliko zote, ikivuka ubao wote bila kuliwa, inaweza kuwa malkia. Mtoto wa machimbo hahitaji mwalimu wa kumfafanulia maneno hayo. Anajua yeye ni kete gani, na anajua ubao ni mrefu kiasi gani.

Sababu ya tatu, filamu inampa nafasi yule aliyeshindwa. Katika mechi ya kweli kamera inamfuata mshindi, na aliyeshindwa anaingia ndani kichwa chini, kwisha habari. Phiona alishindwa kule Urusi, na filamu haikumficha. Na Foreman? Nyuma ya Kinshasa alikaa siku nyingi na uchungu. Mwaka 1977 alishindwa tena kule Puerto Rico, na yeye mwenyewe alishuhudia kwamba usiku ule, katika chumba cha kubadilishia nguo, alikutana na Mungu. Aliacha ngumi miaka 10, akawa mhubiri kule Houston na kufungua nyumba ya vijana. Kisha alirudi ulingoni, na mwaka 1994, akiwa na miaka 45, akawa tena bingwa wa dunia. Mwaka 1997, filamu ya Kinshasa ilipopewa zawadi, Ali alikuwa amekwisha kudhoofika kwa ugonjwa wa kutetemeka. Foreman alimsaidia kupanda ngazi mbele ya watu wote. Wote wawili wamelala sasa, Ali mwaka 2016 na Foreman mwaka 2025. Lakini picha ile ya ngazi inasema jambo ambalo ngumi ya raundi ya 8 haikuweza kusema.

Wale wa kwetu kanisani wanapenda pia Chariots of Fire ya mwaka 1981, habari ya Eric Liddell wa Scotland, aliyekataa kukimbia mita 100 kule Paris mwaka 1924 kwa sababu mchujo ulipangwa Siku ya Bwana. Alikimbia mita 400, akashinda. Kisha akaenda China kuwa mmisionari, akafia kambini mwa wafungwa mwaka 1945. Mzee asiyejali mbio hata kidogo anaangalia filamu hiyo mpaka mwisho, kwa sababu swali lake ni la kila mtu: utakubali kupoteza nini ili usipoteze nafsi yako?

Lakini, vijana, ngojeni. Filamu inaweza pia kudanganya. Mazoezi ya miaka mitano yanapita kwa dakika mbili pamoja na muziki mtamu, na wewe unatoka katika ukumbi wa video unafikiri kwamba kesho utakuwa bingwa. Kamera haina wakati wa kuonyesha asubuhi elfu moja zinazofanana. Tena filamu inachagua cha kuonyesha. Lile pambano la Kinshasa lilileta furaha kubwa, ndiyo. Lakini kila bondia aliahidiwa dola milioni 5, na serikali ya Mobutu ilitaka dunia yote iione Zaire. Mwaka ule ule bei ya shaba ilianza kuanguka, na ninyi watu wa machimbo mnajua bei ikianguka ni nani anayelala njaa kwanza. Kwa hiyo ukilia, lia, lakini uulize pia: nani alilipa?

Sasa nirudi kwako, papa, na kwako, mama. Mnasema hampendi mchezo. Sawa, si dhambi. Lakini mliona wenyewe kwamba mioyo yenu haikuwa baridi. Mlimpenda Phiona kwa sababu kwa saa mbili kamera ilimfuata mpaka ndani ya nyumba yake: mliona analala wapi, anaogopa nini, anaficha nini. Je, Kambale wako unamwona hivyo? Wewe unaona matokeo tu: viatu vimepasuka, nguo zina matope, amechelewa kurudi, makuta ya chumvi hayajulikani yalikwenda wapi. Masika wako anakimbia vizuri kuliko kaka zake, na neno analosikia ni moja, "Mutoto mwanamuke hakimbiake vile." Machozi tunamtolea mtoto wa Katwe, na wa kwetu tunampa fimbo.

Jambo hili si dogo katika eneo letu. Tangu mwaka 2014 watu wa Beni wamezika wengi mno. Mtoto ambaye nyumbani hakuna anayemwangalia, yuko mtu mwingine atakayemwangalia. Mwenye shimo atamwona kwamba ni mwembamba, anaweza kupita pale wakubwa hawapiti. Mwenye bunduki atamwona kwamba ana mbio. Hao hawachelewi kutambua kipaji. Katende alimwona Phiona kwa kikombe cha uji na ubao wa sataranji. Gharama yake ilikuwa ndogo. Lakini alikuwa pale kila siku, naye alijua majina yao.

Kwa hiyo mwezi huu nawapa kazi moja. Jamaa ichague filamu moja ya mchezo, mkae pamoja, hata wale wasiopenda. Ikiisha, msizime na kwenda kulala. Kila mmoja ajibu maswali matatu: Huyu mtu alibeba mzigo gani ambao watu wa uwanjani hawakuuona? Nani alimsimamia aliposhindwa? Na katika nyumba yetu, nani anabeba mzigo namna hiyo, na hatujamuuliza? Wazee wasianze kujibu. Waanze watoto.

Kisha, papa, siku moja ya juma nenda kwenye uwanja ambapo mtoto wako anacheza. Hutaelewa lolote juu ya mchezo wenyewe, haidhuru. Simama pale kando, akuone.

Mubaki na amani, mpaka mwezi ujao.