Sululu na Kitwitwi Wataitwa Nani Kesho?

Wako watu ambao wakisikia kuna kikundi cha kutazama ndege huko Mida au Sabaki, hucheka. Husema hiyo ni kazi ya wazungu wenye nafasi, wavaao kofia pana na kuning'iniza darubini shingoni. Mtu mzima, wasema, atokaje nyumbani alfajiri kwenda kuhesabu vitwitwi matopeni na hali kitoweo hajapata? Maneno hayo nimeyasikia barazani, tena kwa watu wasemao wameshika dini, na kila nikiyasikia naona ajabu.

Kwani sisi ndio tuliosomeshwa chuoni, tungali watoto wa kukaa mkekani, kisa cha hudihudi aliyempelekea Nabii Suleiman habari za Malkia wa Sabaa. Suratul-Fil na ndege wake ababili twaijua kwa moyo. Kunguru ndiye aliyemwonyesha mwana wa Adamu jinsi ya kumsitiri nduguye ardhini. Na katika Suratul-An'am tumeelezwa kwamba ndege nao ni umma, kama tulivyo sisi. Sasa mwenye haki zaidi ya kumtazama ndege na kuzingatia ni nani, msomaji mpenzi, ikiwa si sisi?

Lakini kazi tumewaachia wengine. Huko Watamu, chama cha A Rocha Kenya, ambacho ni cha Kikristo, kilianza shughuli zake mwaka 1999, na tangu 2001 kina mpango wa kuwasaidia karo ya sekondari watoto wa vijiji vilivyozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke na Hori ya Mida. Sehemu ya fedha hizo hutokana na wageni wanaolipa kupita juu ya daraja la mbao lililojengwa kati ya mikoko. Sioni haya kusema kazi hiyo ni nzuri. Haya naiona kwa sisi tuliokaa tukinong'ona, na watoto wanaosoma kwa daraja hilo wengine ni wetu.

Na kuna mengi ya kutazama. Pale Mida maji yakitoka, huonekana ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, mdomo mnene kama koleo, mwindaji wa kaa. Huyu hatagi kwetu. Hutaga huko Oman na Ghuba, kandokando ya Bahari ya Shamu na Somalia, katika shimo alilochimba mwenyewe mchangani, na yai lake kwa kawaida ni moja tu. Akisha kulea huja huku kukaa kaskazi yote, njia ile ile ya majahazi ya babu zetu. Na mlangoni mwa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, majira ya kusi huja makundi ya ndege wa kahawia wenye mbawa ndefu kama za mbayuwayu, ambao watokako ni Bukini. Majahazi ya kaskazi yamekwisha, nasi tumeyalilia kwa mashairi. Ndege hawa hawajakoma, na hatujui hata kuwalaki.

Hivi karibuni nilifuatana na kikundi kimoja cha vijana katika matembezi yao, pamoja na watoto wa shule. Kijana aliyetuongoza alikuwa hodari kweli kweli. Alimtambua ndege kwa mlio tu kabla hajamwona, na jina lake la Kiingereza akalitoa mara moja, na la Kilatini juu yake. Mtoto mmoja wa kike akamwuliza, "Na kwa Kiswahili anaitwaje?" Akajibu, "Huyo? Ndege tu wa pwani." Mzee mmoja aliyekuwa karibu akishona wavu hakuinua hata kichwa. Akasema, "Sululu huyo." Kisha akaongeza kwamba ile sululu ya kuchimbia imepewa jina kwa ajili ya mdomo ule uliopinda. Watoto wote walicheka na kumwangalia upya ndege yule. Mimi niliona somo la asubuhi nzima limekaa katika maneno mawili ya mvuvi.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na vikundi hivi, nami nausema kwa mapenzi. Kila Januari huhesabiwa ndege wa majini, na hesabu ikaandikwa vizuri na kupelekwa Nairobi. Majina ya Kiswahili hayaandikwi. Kitwitwi, membe, heroe, yangeyange, chozi, mnana: mtoto wa Malindi leo akijua matatu kati ya hayo, mpe zawadi. Lamu wana majina yao, Mvita yao, Wagiriama wa kandokando ya msitu wana yao pia, na wajuao ni wazee ambao kila mwaka twawazika. Kila matembezi na yawe na mzee mmoja mvuvi au mwindaji wa zamani, alipwe kama alipwavyo kijana mwenye darubini, na daftari liwepo. Walimu wa madrasa nao waalikwe na watoto wao, siku isiyo ya Ijumaa.

Wavuvi wana hofu yao, wala si ya kipuuzi. Tangu bahari ya Malindi na Watamu ilipowekewa mipaka ya hifadhi mwaka 1968 wamezoea kuona kila jambo zuri likiishia katika katazo. Leo ndege, wasema, kesho kamba. Dawa ya hofu hiyo ni faida inayoonekana nyumbani. Mradi wa Kipepeo pale Gede ulipoanza mwaka 1993, wakulima walianza kuuza viwavi waliokwisha kugeuka pupa, na msitu ukawa na watetezi miongoni mwa watu wale wale waliotaka ufyekwe.

Limebaki la bundi. Katika Arabuko-Sokoke mna bundi mdogo, hafiki sentimita 20, ambaye duniani kote hapatikani ila katika misitu michache ya pwani yetu na chini ya milima ya Usambara. Wataalamu walimtambua katika miaka ya 1960 tu. Kwetu bundi akilia juu ya paa hurushiwa mawe, eti ameleta kifo. Na Mtume wetu (s.a.w.) alikwisha kuikataa itikadi hiyo ya mkosi wa ndege, na bundi akatajwa kwa jina. Khatibu atakayelisema hili mimbarini Ijumaa moja atamkinga bundi yule kuliko vibao vyote vilivyopigiliwa msituni.

Sululu wengi huondoka mwezi wa Aprili kurejea kwao kaskazini. Ningependa daftari hilo lifunguliwe kabla hawajaruka, na yule mzee wa wavu awe wa kwanza kuulizwa.