Baridi ya Makambako huanzia gereji ya Dar es Salaam



Ndugu msomaji, msimu wa kipupwe umeingia. Kwetu huku Pwani kipupwe ni neema: watoto hulala vizuri na feni hupumzika. Lakini zipo kaya nyingi miongoni mwetu ambazo riziki yake hutafutwa barabarani. Baba ni dereva wa lori, au kijana wa nyumba ni utingo. Mzigo hupakiwa bandarini Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, na safari ya kufika Tunduma peke yake inazidi kilomita 900. Huanzia usawa wa bahari, hupanda Kitonga, kisha huingia Iringa, Mafinga na Makambako, ambako usiku wa mwezi Juni au Julai baridi huweza kushuka chini ya nyuzi 10.

Mama mmoja anayehudhuria darsa ya akina mama ameifikishia kamati swali ambalo nimeona haifai kulijibu faraghani. Mwanawe ni utingo. Anasema hita ya lori lao haitoi joto, inapuliza hewa baridi tu, na wenzake wamemshauri aingize jiko la mkaa ndani ya kabini wakati wa kulala. Je, yafaa? Na hiyo hita ina maradhi gani?

Jiko halilali na mtu

Naanza na jiko, kwa sababu hita mbovu huleta mateso, lakini jiko ndani ya kabini huleta mauti. Mkaa uwakapo mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kuibeba ile hewa inayotuweka hai. Aliye macho huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huendelea kulala, na hapo ndipo hatari ilipo.

Wengi hudhani kwamba mkaa ukishakolea na moshi ukaisha, jiko limekuwa salama. Sivyo. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa gesi hiyo. Wala kufungua kioo kwa upana wa vidole viwili si kinga ya kutegemewa. Na hukumu ya kabini ndiyo hukumu ya chumba: tunapowaasa vijana wetu, tukumbuke pia mazoea ya kumwekea jiko mzazi aliyejifungua katika chumba kilichofungwa dirisha na mlango. Ukimkuta mtu amelegea mahali palipo na jiko, mtoe kwanza nje penye hewa safi, kisha mkimbize hospitali.

Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa kutoka kwa Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.) habari ya nyumba iliyoungua usiku mjini Madina na watu wake wamo ndani. Mtume (s.a.w.) alipoambiwa, aliutaja moto kuwa ni adui wa watu, na akaamrisha uzimwe kabla ya kulala. Mafundisho hayo yalitangulia elimu ya gesi kwa karne nyingi, na yanamtosha muumini.

Sharia inaitambua baridi

Asije mtu akasema kwamba kulalamikia baridi ni udhaifu wa imani. Katika mwaka wa 8 Hijria, Amr bin Al-Aas (r.a.) aliongoza kikosi katika msafara wa Dhatis-Salasil. Usiku wa baridi kali alipatwa na janaba, akahofia kwamba akioga ataangamia. Akatayamamu, akawaswalisha wenzake Alfajiri. Habari ilipofika kwa Mtume (s.a.w.), Amr alijieleza kwamba alikumbuka katazo la Mwenyezi Mungu la mtu kujiua nafsi yake. Mtume (s.a.w.) akacheka na hakumlaumu. Ameipokea habari hii Abu Daud.

Basi ikiwa baridi inayohofiwa kudhuru imebadilisha namna ya kujitwaharisha kwa ajili ya swala, ambayo ni nguzo ya dini, vipi tuione kuwa jambo dogo katika kazi ya mshahara? Vijana wetu wa safari wajue pia kwamba msafiri aliyevaa khofu akiwa na udhu anaruhusiwa kupaka maji juu yake kwa muda wa siku tatu na usiku wake, badala ya kuvua na kuosha miguu kila mara.

Joto la kabini linatoka wapi

Sasa tuitazame hita yenyewe. Hita ya kawaida ya lori haina moto wake. Huazima joto la injini. Maji yanayopooza injini hupita kwenye rejeta kubwa iliyo mbele, na sehemu yake hupelekwa kwa mipira miwili hadi kwenye rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi. Mpira mmoja unaleta maji ya moto, wa pili unayarudisha. Feni hupuliza hewa kupitia rejeta hiyo ndogo, na hewa ikapata joto. Kwa hiyo ili kabini ipate joto, mambo manne sharti yatimie: injini iwe na joto, maji yawemo na yazunguke, feni ipulize, na kilango cha kuchanganya hewa kigeukie upande wa joto.

Mwanafunzi wa fiqhi hufundishwa mapema kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Kanuni hiyo inamfaa pia fundi. Anza na unachoweza kukithibitisha kwa jicho, sikio na mkono, ndipo uende kwenye unachokidhania. Fundi anayesema "nunua rejeta mpya ya hita" kabla hajashika mpira hata mmoja anatumia shaka yake kwa fedha ya mwenzake.

Kwanza, tazama geji ya joto la injini. Ikiwa lori limetembea saa nzima na mshale bado uko chini, hita haina kosa. Hakuna joto la kuazima. Mara nyingi thamostati imekwama ikiwa wazi, au imeondolewa kabisa. Thamostati ni kilango kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka yapate joto. Katika malori mengi hufunguka maji yakifika kati ya nyuzi 80 na 90.

Pili, angalia kiwango cha maji, injini ikiwa imepoa. Kamwe usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, kwa maana maji yenye shinikizo huruka na kuunguza uso. Maji yakipungua, hita huwa miongoni mwa vya kwanza kukosa, kwa kuwa rejeta yake imekaa juu na hewa hukimbilia huko. Dalili yake ni sauti ya maji yanayogugumia nyuma ya dashibodi, au joto linalokuja dereva akikanyaga mafuta na kutoweka akiachia. Ukijaza na maji yakapungua tena, pana mvujo. Zulia lililolowa miguuni, harufu tamutamu na kioo cha mbele chenye ukungu wa mafutamafuta ni ushahidi kwamba rejeta ndogo imetoboka. Hapo usiwaze baridi peke yake. Injini yenyewe imo hatarini.

Tatu, sikiliza feni. Ikiwa haipulizi kabisa, tazama fyuzi na relei kabla ya kulaumu feni. Ikiwa inafanya kazi kwenye kasi ya juu tu, kasi nyingine zote zimekufa, kwa kawaida kilichoungua ni rezista yake, nacho ni kifaa kidogo. Ikiwa inapuliza kwa unyonge, fungua kichujio cha hewa ya kabini. Vumbi la barabarani hukijaza hata hewa ikakosa njia.

Nne, shika ile mipira miwili. Lori likiwa limepata joto na kuegeshwa salama, zima injini, kisha gusa kwa tahadhari. Mipira yote miwili ikiwa ya moto na hewa bado baridi, maji yanafika. Kasoro iko kwenye kilango cha hewa, waya wake umekatika au mota yake imekufa. Mmoja ukiwa wa moto na wa pili baridi, rejeta ndogo imeziba au koki ya hita imefungwa. Yote miwili ikiwa baridi ilhali injini ni ya moto, maji hayafiki kabisa. Tazama kama koki imefungwa, kama hewa imenaswa ndani, au kama fundi aliyepita aliiunganisha mipira hiyo pamoja ili maji yairuke hita.

Yapo pia malori yaliyotumika Ulaya ambayo yana hita ya pili, inayochoma dizeli kidogo hata injini ikiwa imezimwa. Hiyo hugoma batri ikiwa dhaifu au mafuta yasipofika. Nayo ina bomba lake la moshi. Bomba hilo likipasuka, moshi wake hubeba gesi ileile ya jiko. Hita hiyo ikinusa moshi ndani ya kabini, izimwe, watu watoke, na isiwashwe tena mpaka itengenezwe.

Kosa linalotendwa penye joto

Nilipowauliza mafundi wa malori ni sababu zipi wanazokutana nazo zaidi, walitaja tatu, na zote tatu hufanyika Pwani. Ya kwanza ni kuondoa thamostati ili injini isichemke. Ya pili ni kujaza maji ya bomba au ya mtoni mahali pa kulanti, nayo huleta kutu na magadi yanayoziba rejeta ndogo. Ya tatu ni kuiruka hita inapovuja, badala ya kuitengeneza.

Kila moja ya hizo ni nafuu kwa siku ile. Katika joto la Dar es Salaam hakuna anayewasha hita, hivyo hakuna anayegundua. Gharama hujitokeza saa nane za usiku huko Makambako, na anayelipa siye aliyeokoa fedha. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tajiri wa lori aliyelala kwenye joto la nyumbani kwake hausikii uzito wa usiku ule.

Na hata kwa hesabu ya dunia, nafuu hiyo ni ya uongo. Injini inayotembea bila kupata joto lake hula dizeli zaidi na husagika mapema. Tena hita haikuwekwa kwa ajili ya kulala tu. Ndiyo inayoondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Dereva anayefuta kioo kwa kitambaa huku akiendesha tani nyingi za mzigo kwenye mteremko anahatarisha basi zima lililo mbele yake, na abiria wale hawakuwa na sehemu yoyote katika ile nafuu ya gereji.

Wajibu wa kila mmoja

Mwenye lori ajue kwamba mwajiriwa ni amana. Akipokea taarifa ya hita mbovu, asiijibu kwa kusema "vumilia". Subira ni kwa lile lisilo na dawa. Hili lina dawa, na mara nyingi dawa yake ni thamostati au fyuzi. Arudishe thamostati mahali pake, na injini ikichemka atafutiwe sababu ya kuchemka, ambayo huenda ni rejeta iliyoziba, feni au pampu ya maji.

Dereva aijaribu hita kabla hajaondoka Dar es Salaam, hata kama jasho linamtoka. Dakika chache za kero zitamwonyesha analokwenda kukutana nalo. Akikuta ni mbovu, aseme siku hiyo, mbele ya shahidi au kwa maandishi, asingoje mpaka afike juu ya Kitonga. Na likimkuta njiani, atafute chumba cha kulala, au avae na kujifunika vizuri. Kuacha injini ikiunguruma usiku kucha katikati ya malori mengine nako si salama, kwa maana moshi huingia.

Nasi wa nyumbani tuna sehemu yetu. Mke au mama anayefunga mfuko wa safari aweke blanketi zito, soksi za sufi, sweta na kofia ya kufunika masikio. Na anapoaga, pamoja na dua ya safari, aulize maneno mawili: hita imejaribiwa? Jiko litalala wapi? Jibu la swali la pili ni moja tu: nje ya kabini, likiwa limezimwa.

Kwa yule mama aliyeuliza, jibu letu ni kwamba mwanao haruhusiki kuingiza jiko hilo, na ana haki ya kudai hita itengenezwe. Umsomee makala hii kwenye simu kabla hajafika Iringa.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, awarejeshe kwa ahli zao wakiwa salama, na atujaalie kuzitunza amana zilizo mikononi mwetu.

Wabillahi tawfiq.