Mudepite wetu alipiga kura gani?

Kule Uganda, mwaka 2023, Fox Odoi-Oywelowore alisimama akapinga sheria ya kuazibu watu wanaopenda wa jinsia moja. Tumpende ao tumuchukie, jina lake linajulikana. Kwetu, Steve Mbikayi alipeleka pendekezo la namna hiyo Kinshasa mwaka 2013. Lilibaki paka karatasi. Likirudi, badepite betu ba Kolwezi na Likasi watajibu nini? Katiba inaomba kila mumoja aitwe kwa jina, ajibu kwa sauti, juu ya sheria nzima. Basi majibu yaandikwe, yasomwe ku radio. Munegosia akipima kobalti yetu, tunasimama karibu na balansi mpaka namba iandikwe. Na hapa ni gereza ya mutoto wa mutu, pengine wa nyumba yetu.