Tuchangie kipimo kabla ya msiba

Mtu ameanguka kutoka juu ya mparachichi huko Kibosho. Miguu haina nguvu. Anateremshwa Moshi mjini kwa gari la kukodi, anapigwa eksirei, mifupa inaonekana. Daktari anataka kuona pia mishipa ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo, hivyo anaandika kipimo cha MRI. Familia haiulizi mashine hiyo inafanyaje kazi. Inauliza: "Ni shilingi ngapi?"

Ndugu msomaji, MRI ni tunda kubwa la akili ambayo Mungu amempa mwanadamu. Kwa sumaku na mawimbi ya redio, bila mionzi ya eksirei, inaonyesha ubongo na nyama laini za mwili. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2003. Lakini mashine za kawaida, zenye nguvu ya tesla 1.5 au 3, zinapoozwa kwa gesi ya heliamu iliyogeuzwa kimiminika, na zinataka chumba maalumu na umeme usioyumba. Gharama hizo zote mwishowe humwangukia mgonjwa.

Mambo yameanza kubadilika. Mwaka 2022, huko Mbarara, Uganda, wataalamu wa chuo kikuu cha hapo na wenzao wa Uholanzi waliunganisha MRI ndogo, ya nguvu isiyofika tesla 0.1, kwa sumaku za kudumu zisizohitaji heliamu. Picha zake si kali kama za mashine kubwa. Lakini iliwalenga hasa watoto wenye vichwa vikubwa, ambao daktari anahitaji kwanza kuona maji yamejaa wapi kichwani. Siku moja mashine za namna hiyo zaweza kupanda mpaka hospitali zetu za Kilema na Huruma.

Hata hapo, swali la "shilingi ngapi" litabaki.

Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa hapa Moshi mwaka 1971, ilianzishwa na taasisi yenye jina la Msamaria Mwema. Katika mfano ule tunakumbuka haraka mafuta na divai, tunasahau dinari mbili. Msamaria hakuishia kufunga majeraha. Alimbeba, akamlipia, akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi.

Sisi je? Kwa harusi tunaunda kamati na kuchanga. Kwa msiba jumuiya nzima inafika na bahasha. Mgonjwa anayesubiri kipimo tunamwambia, "Pole, tunakuombea." Akifa bila kujulikana alichougua, ndipo tunachanga.

Najua michango imetuchosha. Siombi mwingine mkubwa. Kila jumuiya ndogondogo itenge sehemu ya inachokusanya iwe mfuko wa vipimo, mweka hazina awe na daftari lake, na viongozi wamtembelee mgonjwa siku anapoandikiwa kipimo. Bima ya afya kwa wote ikifika kila kaya, mfuko huo ulipie nauli na mchango wa wasiojiweza.

Wataalamu wanaipunguza mashine ili itufikie. Umbali uliobaki, kutoka mlango wa mgonjwa hadi mlango wa hospitali, ni wetu.