"Angetaka Angefika" ni Dhulma

Kauli hii huitamka watu wazima wenye heshima zao, wamekaa mkekani msibani hapa Nungwi: "Muscat saa tano tu kwa ndege. Angetaka angefika." Anayesemwa ni mtoto wa marehemu aliyekosa kumzika mzazi wake. Nasema wazi: kauli hii ni dhulma, na hesabu yake ni ya uongo.

Tuifanye hesabu yenyewe. Mzazi amefariki Alfajiri, maziko ni baada ya Adhuhuri, kama dini inavyotuhimiza kuharakisha. Hapo pana saa saba hivi. Kutoka Muscat hadi Unguja ni kama kilomita 3,900, na ndege huenda saa tano na nusu hivi. Abiria hutakiwa awepo uwanjani saa tatu kabla. Saa nane na nusu hizo, hata kama tiketi ilikuwa mkononi na ndege ipo asubuhi ileile. Akitua uwanja wa Abeid Amani Karume, bado ana foleni ya uhamiaji na kilomita 60 hivi za barabara mpaka Nungwi. Kaburi limeshafukiwa zamani.

Na huyo ni mwenye bahati. Binti anayefanya kazi za ndani Oman huanza kwa kumwomba mwajiri ruhusa, na wapo ambao pasipoti zao wameshikiwa na waajiri hao. Aliyeko London ndiyo kabisa: kwa mstari ulionyooka ni kilomita 7,400 hivi, lakini akipitia Doha zinakaribia 9,000, achilia mbali saa za kusubiri ndege ya pili.

Watu husema ndege imeifanya dunia kijiji. Ndege imepunguza muda wa njiani, basi. Haikupunguza bei ya tiketi inayonunuliwa siku hiyohiyo, wala haimwombei mtu ruhusa kazini.

Wazee wetu wa majahazi walikuwa waadilifu kuliko sisi katika hili. Aliyekwenda Muscat kwa kusi alijulikana harudi mpaka kaskazi ivume, kuanzia Desemba hivi. Mzazi akifa katikati, mwana hakuitwa mkosa fadhila, kwa sababu pwani nzima iliujua upepo. Sisi tumeona saa zilizoandikwa kwenye tiketi, tukaacha kuuliza kilichomzuia mtu.

Maziko yasicheleweshwe, hilo sibishani nalo. Ninachotaka ni kauli hii ikome. Mfiwa aliye ughaibuni apigiwe simu, apewe pole kabla mtu yeyote hajaanza kumhesabia saa. Kisha aulizwe ataweza kufika lini, na ikiwezekana hitma ipangwe siku hiyo. Naye amefiwa kama waliokaa mkekani, na haki yake ya kufarijiwa ni sawa na yao.