Kosa ni la Nani? Kufundisha Kusoma Majibu ya Seva

Tukimfundisha mwanachuo kufungua mfumo wa mtandaoni, kujaza fomu na kuituma, tumemfundisha nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusoma jibu linalorudi, hasa linapokuwa jibu la kushindwa. Tangu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 vigawiwe walimu, nusu hiyo imekuwa kazi ya mwalimu wa kijijini pia. Mwalimu wa Kaliua anayetuma orodha ya wanafunzi wake, akajibiwa tu kwamba kuna hitilafu na ajaribu tena, ana haki ya kuuliza: kosa ni langu, au ni la seva?

Itifaki ya HTTP, ambayo toleo lake la 1.0 lilichapishwa mwaka 1996, ina utaratibu wa kujibu swali hilo. Kila jibu la seva hubeba namba ya tarakimu tatu, na tarakimu ya kwanza ndiyo yenye uzito. Namba inayoanza na 2 yasema kazi imekubaliwa. Inayoanza na 4 yasema ombi lenyewe lina kasoro: 400 ni ombi lisiloeleweka, 401 ni mwombaji asiyethibitishwa, 404 ni kitu kisichopatikana. Inayoanza na 5 yasema seva ndiyo iliyoshindwa. Mwenye kupata 400 hana budi kukagua alichoandika; mwenye kupata 500 asipoteze siku akisahihisha majina yasiyo na kosa. Naye mwenye kupata 503 aelewe kwamba seva imeelemewa au inatengenezwa, asubiri.

Zipo namba mbili zinazowatatiza wengi, 502 na 504. Mfano wake uko Kaliua penyewe, mahali ambapo reli ya Mpanda huachana na ile ya Kigoma. Tuseme mtu wa Tabora anauliza habari za mzigo ulioko Mpanda, na swali lapitia kwa karani wa Kaliua. Karani akipata kutoka Mpanda jibu lisilosomeka, hiyo ni 502. Akisubiri hata muda ukapita bila jibu, hiyo ni 504. Kaliua haina kosa, wala muulizaji hana; tatizo liko mbele zaidi.

Hatari ya 504 ni kwamba kimya si ushahidi wa kushindwa. Mwaka 1871, vita baina ya Mirambo na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe vilipofunga njia ya magharibi ya Tabora, mtu aliyepeleka mzigo Ujiji kutoka pwani hakuweza kujua kama umepotea, umekwama au umefika. Ndivyo ilivyo kwa mwalimu: huenda jina la mwanafunzi limekwisha kuandikwa, ila jibu ndilo lililopotea njiani. Kuomba kusoma orodha mara kumi hakudhuru, lakini kutuma jina jipya mara mbili kwaweza kumfanya mtoto mmoja kuwa wawili. Basi na atazame kwanza, ndipo atume tena.

Kwa maoni yetu, lawama kubwa ni ya watengenezaji wa mifumo. Wako wanaorudisha 200, yaani kazi imekubaliwa, huku ndani ya jibu wameandika kwamba imeshindikana. Wako wanaorudisha 500 kwa sababu tu mwalimu amesahau tarehe ya kuzaliwa. Naye husubiri seva itengenezwe, kumbe dawa iko mikononi mwake. Wengine humwaga mbele ya mtumiaji siri za ndani za programu, jambo linalowafaa wadukuzi kuliko walimu. Kanuni iliyotolewa mwaka 2016 na kurekebishwa mwaka 2023 imeweka umbo la taarifa njema: aina ya tatizo, kichwa chake, namba, maelezo ya kufahamika, na alama ya kulitambua tukio hilo. Kwa alama hiyo fundi aweza kulitafuta katika kumbukumbu za seva.

Huenda mtu akasema kwamba mambo haya ni mazito kwa shule ya msingi. Hatukubaliani naye. Mtoto aliyetumwa dukani hutofautisha "fedha haitoshi" na "sukari imekwisha". Kwa la kwanza hurudi nyumbani kuongezewa fedha, kwa la pili hangoji kulaumiwa. Hiyo ndiyo 4 na 5.

Kwa hiyo wanachuo wasikaririshe orodha ya namba. Wagawe wanafunzi watatu: mwombaji, karani wa njiani na mtunza daftari. Wapitishe vikaratasi vya maombi, vingine vyenye kasoro. Mara nyingine mtunza daftari anyamaze makusudi. Kila mara darasa lijibu maswali matatu: Kosa liko kwa nani? Je, ni salama kurudia? Tumwarifu nani, tukitaja namba gani, saa ngapi, na tulikuwa tukifanya nini?

Darasa likizoea maswali hayo, mwalimu naye atalazimika kujiuliza la kwanza kila anapoandika alama ya mkasi katika daftari la mtoto. Yawezekana ombi lilikuwa sahihi, na aliyeshindwa kulitimiza ni yule aliye mbele ya ubao.